Nani Aliyesimamisha Mstari

Manchester, 9 Februari 1921

Ndugu yangu Aubrey,

"Kombania yangu haikuvunjwa na bunduki za bombomu za Wajerumani. Ilivunjwa na sajini mmoja aliyeingiwa na woga, akapiga filimbi ya kusimama, kisha akageuka akakimbia." Hayo ni maneno yako. Yamechapwa katika gazeti la wilaya la Jumamosi, chini ya picha yako ukiwa na medali zote kifuani. Nimeyasoma mara nne. Ni uongo, nawe unajua kuwa ni uongo, na nitakuonyesha uongo wenyewe uko wapi. Lakini Mama alitulea tusalimiane kwanza, kwa hiyo pokea salamu.

Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi nilichotoka nacho gerezani, ambacho kila baridi ikizidi huja kunitembelea. Gazeti langu linanipatia maadui wapya kila wiki na hilo linanifaa kuliko dawa. Mwezi uliopita nilitimiza miaka arobaini na sita, hukuniandikia. Nakusamehe kwa sababu ya uchaguzi huu wa bunge unaogombea. Mwambie Baba aupumzishe mguu wake. Mwambie Mama soksi zimefika, na moja ni ndefu kuliko nyingine, na nazivaa hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kombania yako ilikuwa na sajini mmoja tu anayejulikana kijijini kwetu Thorncote: Enoch Pardoe, mlinzi mkuu wa kwale wa Baba, mtu aliyekufundisha kushika bunduki ukiwa na miaka tisa. Ulipokwenda Ufaransa ulimchukua yeye pamoja na vijana thelathini na wanane wa shamba letu, wote waswagaji, wale ambao kila Novemba hupanga mstari na fimbo zao wakiwaswaga kwale kuelekea kwa mabwana wenye bunduki. Katika vijana hao walirudi sita. Hukuhitaji kutaja jina. Ukisema "sajini" kule, kila mtu anajua ni dirisha lipi alirushie jiwe.

Nilikwenda kumwona hospitali mwaka 1917. Risasi ilikuwa imemwondolea taya lote la chini na sehemu kubwa ya ulimi. Nilipomwuliza habari za siku ile ya shambulio aliandika kwenye kibao chake: "Bwana Aubrey anajua nani alikuwa na filimbi." Nikamwambia, "Nambie wewe, Enoch." Akafuta kwa kiganja, akaandika tena yale yale, akafumba macho. Wakati ule sikuelewa, nikaacha.

Leo nakuuliza wewe. Siku ile filimbi ilikuwa kinywani mwa nani? Nijibu kabla ya siku ya kura.

Dada yako,
Winifred


Thorncote, 27 Februari 1921

Dada mpendwa,

Nisamehe kuchelewa, siku hizi nakula nikiwa nimesimama na nalala garini. Mama hajambo, ila nyonga inamsumbua akipanda ngazi. Soksi amesema ni kosa la miguu yako. Baba amemfukuza daktari wa tatu. Alimwambia, "Kijana, mimi nilianza kunywa divai hii babu yako akiwa bado anakamua ng'ombe wangu." Daktari akajibu, "Kweli, Mheshimiwa, na babu yangu bado anakamua." Baba alicheka hadi akaishiwa pumzi, akaagiza arudishwe. Lakini nisikufiche, Winnie, hali yake si nzuri. Mguu umekuwa mweusi hadi kifundoni.

Kuhusu ile hotuba, aliiandika wakala wangu wa uchaguzi, Tibbets. Mpinzani wangu, yule fundi wa reli, anazunguka vijijini akiuliza, "Kapteni amerudi na miguu yote miwili, vijana wenu wako wapi?" Ilibidi pawe na jibu. Sikumtaja mtu jina. Na wale sita waliorudi wanasema wenyewe kwamba walisikia filimbi ya Enoch, sauti waliyoijua tangu wakiwa wadogo, na wakamwona akikimbia kurudi nyuma. Kawaulize. Wewe hukuwapo. Vita umeviona kwenye karatasi, umevipiga kwa kalamu, na kalamu haitoi damu.

Enoch anakaa katika nyumba yake ile ile pembeni mwa msitu, na kuni anapelekewa kila wiki. Hajalalamika hata mara moja. Kama mwenyewe halalamiki, wewe unalia msiba wa nani?

Njoo Pasaka. Mama anakutaka.

Ndugu yako,
Aubrey


Manchester, 8 Machi 1921

Aubrey,

Salamu kwa wote, na Baba nambusu paji la uso hata akikataa. Sitakuja Pasaka kama mambo yako hivi.

Umejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Sijabisha kwamba wale sita waliisikia filimbi ya Enoch. Nimeuliza nani aliipuliza. Umenipa habari za kuni.

Mimi nakupa habari za Keziah, mkewe. Ameniandikia, na hilo lilimgharimu, kwa sababu ni mwanamke asiyependa kuomba hata chumvi. Madirisha yote ya mbele yamevunjwa. Dukani wanamwachia njia kama mwenye ukoma, kisha mmoja anasema, "Mumeo hajambo, Keziah? Bado amesimama?" na wengine wanacheka. Jumanne iliyopita Enoch alitoka kumtafuta mbwa wake. Unaukumbuka ule uzio ambapo walinzi wa kwale hupigilia misumari kunguru na vicheche waliowaua, ili mabwana waone kazi imefanyika. Mbwa alikuwa pale, kati ya kunguru, misumari minne, mmoja ukipita puani. Keziah anasema alikuwa bado anahema. Enoch alimmaliza kwa mikono yake, akambeba nyumbani, na tangu hapo hajaandika neno kwenye kibao.

Waliofanya hivyo si wageni. Ni wale sita wako na ndugu zao. Wamefanya kwa sababu mheshimiwa mmoja aliyevaa medali amewaambia ni nani aliyeua watoto wa kijiji. Wewe uliwapa jina, wao wakatafuta misumari.

Kura ni tarehe 17. Simama tarehe 16 useme kweli.

Winifred


Thorncote, 24 Machi 1921

Dada,

Nimeshinda, kwa kura elfu moja na mia mbili. Walinibeba mabegani kuanzia ukumbini hadi lango la nyumbani. Baba alisikiliza kelele kutoka kitandani akasema, "Fundi wa reli sasa arudi kwenye reli." Wamemkata vidole vitatu vya mguu. Mama anakohoa.

Ya mbwa nimesikia. Ni jambo baya. Nimemwambia polisi wa kijiji alitazame.

Nakuomba usichape kitu.

Aubrey


Thorncote, 11 Aprili 1921

Winnie,

Hapa hakuna habari njema, kwa hiyo nitazifupisha. Wamemkata Baba mguu hadi gotini na bado uozo unapanda. Mama halali.

Siku ile waliyonibeba, kuna kitu sikukuandikia. Tulipita mbele ya nyumba ya Enoch. Alikuwa getini amevaa koti lake la jeshi na ile barakoa ya bati aliyopewa hospitali kuficha uso. Aliponiona akakakamaa akapiga saluti. Waliokuwa wamenibeba wakasimama. Mmoja, Tom Bufton, akasema, "Mtazame, leo amejua kusimama," akamrushia jiwe. Likampata kwenye barakoa, ikadondoka. Ukaonekana ule uso, shimo jekundu na mate yakichuruzika hadi kwenye vifungo. Hakushusha mkono. Wakarusha mengine. Nikiwa juu mabegani nilihesabu manne, na yeye bado ananipigia saluti. Nikasema, "Twendeni, vijana, kuna bia." Ndivyo nilivyosema.

Ulitaka kujua. Asubuhi ile ya Septemba, kabla hatujatoka handakini, nilimwambia, "Enoch, nipe filimbi yako." Ile ya pembe aliyowaongozea waswagaji. Akasema, "Bwana, si unayo ya jeshi?" Nikamwambia, "Ya jeshi ni kelele tu. Yako wanaijua." Akaivua shingoni akanipa. Nilijiona mwerevu.

Walitoka wakatembea kama nyumbani, hatua tano kati ya mtu na mtu. Ned, kaka yake Tom, alikuwa akipiga magugu kwa kitako cha bunduki kama anayemtoa sungura, wenzake wakicheka. Kulia ardhi ilikuwa nzuri, wakatangulia. Kushoto seng'enge iliwachelewesha. Mstari ukapinda. Unajua Baba alivyokuwa akitufokea mstari ukipinda: kwale hutorokea pembeni na siku nzima inaharibika. Sikufikiri. Mkono ulipanda wenyewe. Nikapiga mlio mmoja mrefu.

Mlio mmoja mrefu maana yake simama hapo ulipo, usiiname, usiseme, ngoja miwili mifupi. Wakasimama. Uwanja mtupu, Winnie, na wote wamesimama wima, nyuso mbele, wakiningoja. Bombomu ya Wajerumani, ile bunduki ya mfululizo, ilikuwa hatua mia mbili mbele yao. Ilianza kushoto. Ned alipasuliwa tumbo, akakaa chini akijikusanyia matumbo mapajani kwa mikono miwili. Aliyekuwa kando yake, Jabez Onions, alimtazama na hakusogea, kwa kuwa filimbi haijampa ruhusa. Kichwa chake kikaondoka, mwili ukabaki umesimama kidogo. Kisha wa tatu. Kisha wa nne. Walianguka kwa zamu, na kila mmoja aliwaona walio kabla yake. Mimi nilikuwa na filimbi mdomoni. Miwili mifupi tu ilihitajika. Kinywa kilikuwa kimekauka, nikapuliza ikatoka pumzi. Nikapuliza tena. Kisha nikajitupa shimoni.

Enoch peke yake ndiye aliyevunja amri. Aligeuka akakimbia kando ya mstari, akiwachapa migongoni kwa fimbo, akipiga kelele, "Laleni chini, mbwa nyie, laleni." Sita walilala. Ndio hao sita. Walisikia filimbi yake, walimwona akikimbia, wakajumlisha. Risasi ilimpata kinywa kikiwa wazi.

Nimeandika mara moja, sitaandika tena. Ichome barua hii. Usiiseme wakati Baba yu hai. Aliniweka juu ya farasi ili niwe mtu wa kuwaongoza wale vijana, na akisikia atakufa akinitazama. Nakuomba kama ndugu yako, na sijawahi kukuomba kitu.

Aubrey


Manchester, 16 Aprili 1921

Mdogo wangu,

Mnyweshe Baba supu hata akiitema. Mama nitamwandikia kando.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nilidhani nitafurahi kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi. Sikufurahi. Nilikuona shimoni, na nilikuwa na hamu ya kukutoa.

Sikuichoma na sitaichoma. Lakini nitangoja. Mwaka 1913, nilipotolewa gerezani nilikofungwa kwa kudai kura ya wanawake, koo likiwa limechanwa na mpira walionilishia kwa nguvu, familia nzima ilikataa kuja langoni. Ulikuja wewe peke yako, umevaa sare, wenzako wakikuzomea. Sijasahau. Kwa ajili hiyo tu mwanamke ambaye hajawahi kumwachia mtu nafasi ya kupumua anakuachia wewe wiki tano.

Tarehe 22 Mei mnazindua mnara wa kumbukumbu ya vijana. Wewe ndiye utakayehutubia. Siku hiyo, Baba yuko hai au hayuko, utasema mbele ya mama zao. Usiposema, nitasema mimi.

Dada yako,
Winifred


Thorncote, 15 Mei 1921

Dada,

Asante kwa kuja kwenye mazishi ya Baba na kwa kutonitazama. Mama amehamia vyumba vya chini. Anakula kidogo.

Kila mtu sasa ananiita Mheshimiwa Lodi na mimi nageuka kumtafuta Baba. Cheo chake nilichorithi kimenitoa kwenye kiti cha bunge nilichochaguliwa, kwani lodi haruhusiwi kukaa na waliochaguliwa. Nitakaa Baraza la Malodi hadi nife, bila kura ya mtu. Tibbets alilia kuliko alivyolia kaburini. Anasema kazi yote imekwenda bure.

Kuhusu Jumapili ijayo, nitasema litakalofaa.

Aubrey


Thorncote, 25 Mei 1921

Aubrey,

Salamu za Mama unazo, maana uko naye chumba cha pili. Salamu za Keziah hazipo. Nimetoka kwake jana. Alikuwa akimwosha mumewe, na alinipa kitambaa nimsaidie upande wa kushoto.

Mimi ndiye niliyemfikisha Enoch pale. Hilo liandikwe kwanza, kabla sijakugusa wewe. Nilimwandikia Keziah: "Mlete Jumapili, Bwana Aubrey atasema." Alimpigia pasi koti. Alimfunga barakoa kwa utepe mpya kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umekatwa na jiwe. Alinishika mkono akaniuliza, "Kweli atasema, Bi Winifred?" Nikamwambia, "Atasema." Wewe ulikuwa umeniandikia utasema litakalofaa, na mimi, ninayejisifu kusoma hotuba za mawaziri na kutoa uongo uliojificha kati ya maneno mawili, niliyasoma maneno yako kwa macho ya dada.

Ulisimama. Ulisoma majina thelathini na mawili kwa sauti nzuri. Ulimtazama mama yake Ned Bufton, uliyemwona mwanawe ameshika matumbo yake mapajani, ukamwambia, "Walisimama imara hadi mwisho." Walisimama imara. Nilingoja sentensi inayofuata. Uliinama, ukavuta kitambaa kwenye jiwe, ukaenda kunywa chai na kasisi. Nilikufuata hadi ndani nikakuambia, "Toka urudi useme." Ukasema, "Umemwona yule mama, Winnie? Huwezi kumfanyia hivyo mara mbili." Tukabishana robo saa nzima kando ya meza ya keki, kwa sauti ya chini, tusiwaudhi wageni. Robo saa hiyo ndiyo waliyoitumia.

Keziah aliona kila kitu, huku wamemshika mikono. Watu kumi na mmoja walimzunguka Enoch nyuma ya kilabu cha pombe, saa tisa mchana, jua likiwaka. Wanne kati yao ni wa wale sita. Mmoja akasema, "Umekuja kusoma jina lako? Halimo." Enoch akatoa kibao. Alikuwa amekwisha kuandika neno moja, Keziah anasema lilikuwa "Laleni", pengine akitaka kuwakumbusha ni nani aliyewaambia. Hawakusoma. Walikivunja kichwani mwake. Kisha walichomoa miti ya bendera za sherehe, wakampiga nayo miguuni hadi akapiga magoti, mgongoni hadi akalala, na alipolala waliendelea. Barakoa ilikunjwa usoni ikaingia ndani ya lile shimo. Hakuwa na mdomo wa kuombea huruma. Keziah aliomba kwa niaba yake, wakamwambia anyamaze. Alikufa kabla sisi wawili hatujamaliza kubishana.

Sasa wanasema kijijini ni ajali, mlevi alianguka. Enoch hakuweza kunywa ila kwa mrija. Polisi anasema hakuna aliyeona. Wewe, jana, ulimpelekea Keziah maua meupe kutoka kwenye nyumba ya vioo ya bustani yako. Yako jalalani.

Barua yako ya tarehe 11 Aprili haiko tena kabatini kwangu. Nimeinakili mara tatu. Nakala moja iko kwa afisa atakayechunguza kifo hiki. Moja iko kwa mhariri wa gazeti la wilaya, lile lile lililochapa picha yako. Moja naipigilia mlangoni pa kanisa, pamoja na barua hii, na ndiyo maana kuanzia mstari huu sizungumzi nawe peke yako.

Tom Bufton, na ninyi kumi wengine mnaojijua. Someni kwanza alichoandika kapteni wenu. Asiyejua kusoma asomewe na mkewe. Wanne kati yenu mnapumua leo kwa sababu mtu mmoja aliwachapa fimbo mgongoni mkalala, na mtu huyo ndiye mliyemuua Jumapili kwa miti ya bendera. Sina faraja ya kuwapa. Ijumaa, tarehe 27, saa nne asubuhi, uchunguzi wa kifo chake utafanyika katika darasa la shule ya Thorncote. Msingoje kuitwa. Njooni kwa miguu yenu, msimame mmoja mmoja mbele ya Keziah, na kila mtu aseme alipiga wapi, alipiga kwa kitu gani, na ni maneno ya nani yaliyomtuma. Mimi nitakuwapo kusema langu: kwamba nilijua kwa siku thelathini na tisa nikanyamaza.

Na wewe, Aubrey, Lodi wa Thorncote, usimlete wakili na usimlete Tibbets. Anza kusema wewe, kabla yao.

Winifred